Ufunguo, Spana na Bolti Mbili za Kushoto

Hapo zamani, na zamani hii ina tarehe yake: Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, saa moja na robo asubuhi, ukungu ukiwa haujaondoka bado juu ya migomba ya Rungwe, lori la maziwa la ushirika lilipata pancha kwenye kona iliyo chini ya mlima wa Lupando.

Gurudumu lenyewe lilikuwa la mbele, la kushoto. Nawaomba mkumbuke kwamba lilikuwa la kushoto. Mtu akija kuwasimulia kisa hiki akasema "gurudumu" tu, basi hajui anachosimulia.

Pancha huwakasirisha watu. Hii haikumkasirisha mtu. Waliokuwa ndani ya lori walitazamana, wakashuka upesi kama walioitwa kwenye ngoma, na wanawake waliokuwa wakisubiri pale konani na madumu yao ya maziwa wakayatua chini na kusogea. Kwa nini walifurahia pancha? Nitawaambia.

Ushirika ule ulikuwa na lori moja na ufunguo mmoja. Mwenye ufunguo ndiye aliyeamua lori liende wapi na lisiende wapi. Mwenye ufunguo alikuwa Mzee Ambakisye, na Mzee Ambakisye hakuwahi kukubali kupanda Lupando. Alisema mlima ule ni wa mbuzi. Kwa hiyo wanawake wa Lupando walishuka kila asubuhi na madumu kichwani, utelezi au vumbi, mpaka konani. Aliyeteleza alirudi nyumbani na dumu tupu. Mmoja wao, Tusekile, aliteleza wakati wa masika akarudi na dumu tupu na mkono uliovunjika. Mkono uliunga, lakini uliunga vibaya. Tangu hapo haukuinuka kupita bega.

Sasa macho ya Mzee Ambakisye yakaanza kuona bonde mahali penye barabara. Akatangaza kwamba anaacha. Na madereva wa ushirika ule walikuwa na desturi yao, ambayo hakuna aliyewahi kuiandika na hakuna aliyewahi kuisahau. Dereva akishatangaza kuacha, wanaoutaka ufunguo husafiri naye kila asubuhi, na inasubiriwa pancha ya kwanza. Pancha ikitokea, wanaoutaka ufunguo wanapewa spana, mmoja baada ya mwingine. Atakayelitoa gurudumu na kurudisha jingine, lori likaondoka, ufunguo ni wake.

Na spana ina sheria mbili. Ya kwanza: mwenye ufunguo hasemi neno mpaka gurudumu litoke. Ya pili: spana haipokonywi mkononi. Aliyeishika anaiweka chini mwenyewe, akishindwa, ndipo mwingine anaiokota.

Walioutaka ufunguo walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Gwamaka, dereva wa trekta kwenye mashamba ya chai, mtu mwenye mabega mapana na kicheko kipana zaidi. Wa pili alikuwa Subilaga, binti wa Tusekile, huyo mwenye mkono usioinuka. Subilaga alisoma chuo kikuu, akarudi Lupando na vyeti viwili: shahada na leseni ya kuendesha malori. Shahada aliiweka sandukuni. Leseni ndiyo aliyoitundika ukutani.

Siku alipojitaja kwamba anautaka ufunguo, Mzee Ambakisye alimuuliza mbele ya watu, "Ukiupata utaufanyia nini?"

"Siku ya kwanza napanda Lupando."

"Na siku ya pili?"

"Napanda tena."

Watu walicheka. Gwamaka naye akaulizwa kuhusu Lupando. Alisema, "Nipeni kwanza ufunguo, mlima tutauzungumza." Hakuna aliyecheka, kwa sababu hilo ni jibu la mtu mzima.

Turudi konani.

"Mkubwa kwanza," alisema Mzee Ambakisye, akampa Gwamaka spana. Kisha akafunga mdomo, kama sheria inavyotaka.

Gwamaka alifanya kila kitu kwa mpangilio. Aliweka mawe nyuma ya magurudumu. Aliingiza jeki chini ya lori lakini hakuliinua, kwa maana nati hulegezwa gurudumu likiwa limekanyaga ardhi. Alichomeka bomba refu la chuma kwenye mkono wa spana ili apate nguvu zaidi. Nati zilikuwa sita. Akaivalisha spana nati ya kwanza, akavuta kinyume na mishale ya saa, upande ambao nati zote za trekta lake hufunguka, na nati za magurudumu ya kulia ya lori hilohilo, ambazo alikuwa ameshazifungua kwa mkono wake.

Nati haikutikisika.

Subilaga alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu. Alifuta tope kwa kidole gumba kwenye uso wa bolti moja, akaona herufi ndogo imepigwa kwenye chuma: L. Alishasikia, siku moja, kwamba malori mengine ya zamani yana bolti za kushoto zenye meno yaliyokatwa kinyume, ili gurudumu linapozunguka lisizilegeze nati zake. Alishasikia, lakini hakuwahi kuona. Je, kama L si ya 'left', yaani kushoto, bali ni jina la kiwanda tu? Je, kama ni namba ya chuma? Watu wote walikuwa wanatazama.

"Kaka Gwamaka," alisema, kwa sauti ya mgeni anayeomba chumvi, "labda upande huu zinafunguka kinyume."

"Msomi," alisema Gwamaka bila kugeuka, "nati ni nati. Haijui kushoto wala kulia."

Watu walicheka. Mzee Ambakisye alitazama migomba.

Gwamaka akapanda juu ya bomba kwa miguu yote miwili, akaruka. Chuma kikalia, nati ikadondoka. Wanawake wakapiga vigelegele, wakidhani imefunguka. Gwamaka mwenyewe alidhani hivyo, akasema, "Moja." Lakini Tusekile aliinama, akaiokota kwa mkono wake mzima, akaichungulia.

"Baba," alisema, "mbona nati yako imetoka na mtoto tumboni?"

Kipande cha bolti kilikuwa kimebaki ndani ya nati. Bolti ilikuwa imekatika.

"Kutu, mama," alisema Gwamaka. "Ilishaliwa na kutu. Hata wewe ungeivunja."

"Mimi kwa mkono huu?"

"Kwa ulimi huo."

Wakacheka wote, hata Tusekile. Gwamaka akaenda kwenye nati inayotazamana na ile ya kwanza. Zingatieni hili pia: hakuchukua ya jirani. Dereva aliyefundishwa akigusa nati moja huvuka upande wa pili, ili gurudumu likae sawa. Akavuta. Nati ikazunguka kidogo, ikapiga mluzi mwembamba, ikakwama. Meno ya bolti yalikuwa yamesagika. Haikwenda mbele, haikurudi nyuma.

Gwamaka alifuta jasho, akaivalisha spana nati ya tatu.

Hapo ndipo Subilaga alipomtazama Mzee Ambakisye. Mzee alikuwa bado anatazama migomba. Aliitazama kwa bidii mno, kama mtu anayehesabu majani, na shingo yake ilikuwa imekakamaa. Subilaga akaelewa. Mzee anajua. Anajua tangu nati ya kwanza.

Gwamaka akainua mguu apande kwenye bomba. Subilaga akasimama, akaishika spana kwa mikono miwili, akaipokonya.

Hakuna aliyewahi kuona spana ikipokonywa. Hata waliosimuliwa na babu zao hawakusimuliwa hilo.

"Rudisha," alisema Gwamaka taratibu.

"Hapana."

"Dada, sijaiweka chini."

"Najua hujaiweka. Zimebaki nne nzima. Nikisubiri uiweke chini hatutabaki hata na moja."

Akaivalisha spana nati ya tatu, akageuza bomba upande wa pili, upande ambao mishale ya saa huelekea. Uzito wake ulikuwa mdogo. Alining'inia kwenye bomba miguu ikiwa hewani, na mtu mmoja akasema kwamba nguo imeanikwa. Akaning'inia. Nati ikaguna. Akaning'inia tena. Nati ikalegea. Akaifungua kwa vidole mpaka ikatoka, nzima, haina kitu ndani, akaionyesha kwa watu pande zote. Ya nne ikatoka hivyohivyo. Ya tano ikatoka hivyohivyo. Ya sita ikatoka hivyohivyo.

Ikabaki ile ya pili, iliyosagika meno.

Aliimwagia dizeli, ikakataa. Tusekile akaleta samli kutoka kwenye kikapu chake, ikakataa. Akaigonga pembeni kwa nyundo, akaivuta huku, akaivuta kule, ikakataa. Viganja vyake vikachubuka, damu ikaingia kwenye spana. Hakuiweka chini. Aliitazama ile nati, akalitazama lori, akayatazama madumu ya maziwa yakiwa juani. Kisha akafanya jambo gumu kuliko kuning'inia. Akamgeukia Gwamaka.

"Kaka, njoo uivunje."

Gwamaka alicheka mpaka akashika magoti. "Nimevunja ya kwanza mkanicheka. Sasa mnaniomba nivunje."

"Ile uliivunja bila kujua. Hii ivunje ukijua."

"Sema tafadhali."

"Ivunje, tafadhali."

"Na spana?"

Subilaga alimnyooshea spana. Hakuiweka chini, alimpa mkononi. Gwamaka akapanda juu ya bomba, akaruka mara moja, na bolti ikakatika pale ilipotakiwa kukatika. Wakaliinua lori kwa jeki. Gurudumu likatoka.

Waliliweka gurudumu la akiba pamoja, Gwamaka akiinua, Subilaga akilenga matundu. Subilaga akakaza nati nne kwa mkono, akivuka kutoka upande huu kwenda upande ule, akakataza mtu yeyote kusimama juu ya spana. Na kwa sababu bolti mbili zilizokatika zilikuwa zinatazamana, nne zilizobaki zililishika gurudumu sawasawa. Zingekuwa jirani, hakuna ambaye angethubutu kuliendesha lori lile hata hatua moja. Mzee Ambakisye akaendesha taratibu mpaka kituo cha kupozea maziwa, na maziwa yalifika yakiwa bado ni maziwa.

Jioni, kabla jua halijatua, wanachama walikaa uwanjani pale kituoni. Mzee Ambakisye akautoa ufunguo mfukoni, akauweka gotini kwake. Akasema, "Gurudumu limetoka, sasa naweza kusema. Lakini waanze wao."

Gwamaka akasimama.

"Ufunguo ni wangu. Spana nilipewa mimi, na sikuiweka chini. Niliporwa. Mnasema nilivunja bolti. Nilivunja mbili: moja kwa kutojua, na hapo sikatai, na moja kwa kuombwa. Gurudumu lilitoka kwa nguvu za nani? Wangeacha ile nati pale, wangekuwa pale mpaka sasa wanaipaka samli kama mtoto mchanga. Na lori liliondoka kwa nini? Kwa sababu nilivuka upande wa pili kama dereva. Mvunjaji asiyejua kazi angevunja mbili za jirani."

Watu walicheka, lakini walikubali kwa vichwa.

Akamgeukia Subilaga. "Nikuulize, dada. Ile herufi uliiona kabla sijavunja ya kwanza, au baada?"

"Kabla."

"Ukasema nini?"

"Nikasema labda."

"Mtu akiona nyumba ya jirani inaungua, anasema labda inaungua?"

Subilaga akasimama.

"Ufunguo ni wangu," alisema. "Nati nne zilitoka nzima, nilizitoa mimi. Bila hizo nne hakuna lori. Kwa lile neno 'labda', naomba radhi, kaka Gwamaka. Nilijua nusu na nikasema robo. Bolti ya kwanza ni yako na ni yangu. Lakini kwa spana siombi radhi. Niliipokonya, na kesho ningeipokonya tena. Mnataka dereva anayeheshimu desturi wakati gurudumu linaharibika mbele ya macho yake? Basi mtafuteni. Mimi siye."

Akamgeukia Mzee Ambakisye. "Baba, ulijua."

"Nilijua."

"Ukatazama migomba."

"Sheria inaniambia nitazame migomba."

"Ungekohoa, je?"

Hata wazee walicheka. Mzee Ambakisye hakucheka. Alisimama na ufunguo mkononi.

"Wote wawili hamjastahili," alisema. "Aliyenifundisha mimi hakukohoa. Nilivunja tatu, za kushoto hivihivi, naye akatazama mto. Tangu siku ile mkono wangu haujawahi kukosea. Dereva akiwa peke yake barabarani hakuna wa kumnong'oneza. Gwamaka angevunja mpaka mwisho, angejifunza mpaka mwisho, na angekuwa dereva. Binti huyu alimpora mwenzake somo. Huyu mwingine akalikubali ombi lake, akafanya kazi ya kuagizwa. Ufunguo unabaki kwangu mpaka pancha nyingine."

"Na macho, baba?" aliuliza Tusekile kutoka nyuma. "Macho nayo yanasubiri pancha nyingine?"

"Kesho asubuhi naondoka na lori kama kawaida," alisema Mzee Ambakisye. "Litavumilia nne."

"Na Lupando?"

"Lupando wana miguu."

Wanachama wakabishana. Waliokuwa upande wa Gwamaka walisema mpokonyaji asipewe usukani. Waliokuwa upande wa Subilaga walisema mtu wa kutazama migomba asipewe hata baiskeli. Waliokuwa upande wa mzee walisema desturi ikivunjwa mara moja haiungi tena. Tusekile akauinua mkono wake mpaka ulipokomea, begani, akasema, "Huu ulivunjika ukaunga, ingawa vibaya." Jua likazama, watu wakaenda nyumbani bila jibu, na mzee akaenda na ufunguo mfukoni.

Sasa sikilizeni alichofanya Subilaga asubuhi yake.

Alishuka Lupando kulipopambazuka, pamoja na wanawake wenye madumu, lakini hakusimama nao konani. Alikwenda moja kwa moja kituoni, lori lilipolala. Spana ilikuwa mahali pake nyuma ya kiti, na mlango wa lori lile haukuwahi kufungika vizuri. Aliweka mawe nyuma ya magurudumu. Alilegeza nati nne za gurudumu la mbele la kushoto, akaliinua lori kwa jeki, akalitegemeza kwa magogo, akalitoa gurudumu, akalilaza chini. Kisha akachukua rangi nyekundu, ileile ya kuandikia namba za madumu, akachora mshale kwenye kila rimu ya upande wa kushoto, kuonyesha nati zinafungukia wapi. Alipomaliza akalikalia gurudumu, spana mapajani, mikono yote miwili juu yake.

Mzee Ambakisye alifika na ufunguo. Alilitazama lori lenye miguu mitatu.

"Subilaga, rudisha gurudumu."

"Kwa bolti nne halitoki hapa. Wala halitoki na macho yako."

"Weka spana chini."

"Spana haipokonywi mkononi, baba. Aliyeishika anaiweka chini mwenyewe, akishindwa. Sijashindwa."

"Jana uliipokonya. Leo unaidai sheria?"

"Leo naidai."

Pikipiki ikaingia uwanjani, na Gwamaka akashuka, suruali imejaa tope mpaka magotini. Alikuwa ametoka mjini Tukuyu, ambako alimwamsha fundi kwa kugonga dirisha. Akafungua kiganja. Bolti mbili mpya, na nati zake. Subilaga aliinama kuzitazama kwenye nyuso zake. L na L.

"Nimezisoma," alisema Gwamaka. "Mara mbili."

"Zilete."

"Sitoi bure. Nilizifuata kwa ajili ya lori ninaloliendesha mimi."

Wakabaki hivyo. Kule konani maziwa yalikuwa yanasubiri, na jua lilikuwa linapanda. Mzee alikuwa na ufunguo, lakini ufunguo hauendeshi lori lenye magurudumu matatu. Gwamaka alikuwa na bolti, lakini bolti hazijifungi bila spana. Subilaga alikuwa na spana, na gurudumu alilikalia, na hakuinuka.

Mimi naishia hapo, kwa sababu hapo ndipo walipo. Nyinyi mliokaa hapa mmesikia yote: aliyevunja na akarekebisha, aliyeona na akachelewa kusema, aliyejua na akanyamaza. Mmoja lazima akunjue kiganja kwanza, na maziwa hayasubiri.

Je, ni nani? Na huo ufunguo, mngeuweka mkononi mwa nani?